Vidole vya miguu vya watoto kwenye theluji: tatizo ni buti, soksi au tunavyofungasha?

#1 · MzigoMwepesi
Wakuu, salaam. Naandaa mizigo ya safari ya theluji ya watoto wawili, wa miaka 4 na wa miaka 9. Siku nne, kucheza na sleji (chombo cha kutelezea kwenye theluji), mkubwa ataingia darasa la skii. Utabiri unasema nyuzi -4 hadi -12. Kwa kila mtoto nimeandika hivi:

- nguo za ndani za joto, juu na chini, seti 2
- flisi (sweta nyepesi ya joto) 1, koti la nje 1, suruali ya theluji 1
- buti za theluji jozi 1
- soksi nene za sufu jozi 8 (wavae mbilimbili)
- glavu za vidole jozi 1
- kofia, skafu, jinzi 2

Kila ninayemuuliza anasema mtoto hurudishwa ndani na vidole vya miguu kabla ya kitu kingine chochote. Kwa nini, wakati mguu ndio umefunikwa kwa vitu vinene kuliko vyote? Na hapo juu nitoe nini, niongeze nini?

#2 · FundiButi
Jibu umeliandika mwenyewe: "wavae mbilimbili". Buti haitengenezi joto, inatunza la mguu kwa hewa iliyotulia ndani yake. Soksi ya pili inaila ile nafasi ya hewa, inaubana mguu, na damu haifiki vidoleni inavyotakiwa. Soksi moja ya sufu, unene wa kati, ndefu kupita ukingo wa buti. Basi.

Kupima: toa soli ya ndani ya buti, iweke sakafuni, mtoto asimame juu yake akiwa na soksi ileile atakayovaa, kisigino kikae nyuma kabisa. Mbele ya kidole kirefu ibaki sentimita 1 hadi 1.5. Ikizidi 2 mguu unaogelea na mtoto anajikwaa. Usibonyeze ncha ya buti kwa dole gumba kama tunavyofanya kwa viatu vya shule. Ncha ya buti hizi ni mpira mgumu, halafu watoto hukunja vidole ukiwabonyeza.

Hiki kipimo si cha buti za skii. Zile hukaa karibu na mguu zaidi, soksi moja nyembamba, na hakuna kingine kinachoingia ndani, hata mguu wa suruali ya ndani. Mkunjo wa nguo ndani ya buti ya skii unaacha alama ya maumivu siku nzima.

#3 · BiSufi
Fundi, kubana nakubali, ila mkosaji mkubwa ni unyevu. Mtoto anavalishwa buti nyumbani, anakaa nazo kwenye gari lenye hita nusu saa au zaidi, akishuka soksi tayari zina jasho. Maji yanapitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Hapo hata buti iwe na nafasi ya kutosha, vidole vimekwisha.

Kwa hiyo: garini wavae viatu vya kawaida. Soksi za theluji zikae kwenye mfuko wa zipu, zivaliwe dakika ya mwisho. Jozi 8 si nyingi kwa siku nne, ila matumizi ndiyo yabadilike: moja ya asubuhi, moja ya baada ya mapumziko ya mchana.

Na zile jinzi mbili zitoe kabisa kwenye nguo za nje. Pamba ikilowa inang'ang'ania maji na haikauki hadi kesho yake. Ikaguliwe hata chupi na fulana ya ndani. Watu wananunua sufu ya merino nzuri kisha wanaivalisha juu ya fulana ya pamba. Fulana inanyonya jasho na kulikumbatisha kwenye ngozi, merino juu yake inabaki pambo.

#4 · Kipimajoto
Nyote mmeanzia chini. Anzieni kiunoni. Mwili ukianza kupoteza joto katikati, unabana mishipa ya mikono na miguu ili kulinda viungo vya ndani. Vidole vya baridi mara nyingi ni taarifa tu kwamba mahali pengine pameshapoa: koti fupi, theluji imeingia mgongoni, mapaja yamekaa kwenye sleji kwa suruali isiyo na bitana. Mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, anapoa haraka kuliko mtu mzima aliyesimama pembeni yake. Utabadilisha soksi mpaka jioni, na tumbo ndilo lenye baridi.

Halafu -12 yako ni ya bila upepo. Kwa fomula inayotumika Kanada na Marekani tangu 2001, nyuzi -10 na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaipata kama -20. Sleji inayoteremka nayo inatengeneza upepo wake.

#5 · MkekaChini
Nimetandika mkeka, naomba msinyamaze.

#6 · FundiButi
Kipimajoto, hiyo ni kweli kwa mtoto aliyekaa. Anayekimbia, kifua kinatoka jasho, na bado vidole vinapoa, utasemaje? Na kuna sababu nyingine hakuna aliyeigusa: soli. Watoto wanasimama sana. Foleni ya sleji, kumsubiri mwalimu, kumsubiri mdogo avuliwe glavu. Joto linashuka chini kupitia soli. Soli ya ndani ya felti au sufu inasaidia sana, lakini ukishaiweka rudia kipimo cha #2. Ikila nafasi umetatua tatizo moja ukanunua lingine.

#7 · BiSufi
Anayekimbia na kutoka jasho ndiye mfano wangu mimi, mkuu. Umenipigia pasi.

#8 · FundiButi
Jasho la kifua haliteremki hadi kwenye buti, dada.

#9 · MamaPacha
Wakati mnagombania miguu, mimi nina neno na mikono. Glavu za vidole kwa mtoto wa miaka 4 hazifai. Mosi, hamtaweza kumvisha; vidole viwili vitaingia chumba kimoja na dole gumba litapotea. Pili, kila kidole kinapoa kivyake. Chukua glavu za kifuko, vidole vinne chumba kimoja. Jozi 3 kwa mdogo, 2 kwa mkubwa, kwa sababu lazima moja iwe inakauka na moja iwe inatumika. Za mdogo ziwe na zipu au velkro ndefu ubavuni ili zifunguke kama bahasha, mkono uwekwe ndani, zifungwe.

Kama zina kifuko cha ndani kinachotoka, chukua hizo. Glavu ya kipande kimoja iliyoshonwa bitana ndani haikauki usiku mmoja.

#10 · Mtelezaji
Nakazia #9. Ila ukingo wa glavu uingie ndani ya mkono wa koti au ukae juu? Hapo ndipo watu hutengana.

#11 · MamaPacha
Juu ya mkono wa koti, kamba ya kukaza ivutwe. Mtoto anachimba, mikono inaingia theluji kuanzia chini, ukingo ukiwa ndani ya koti theluji inasukumwa kwenye kifundo kama imewekwa koleo.

#12 · Kipimajoto
Na mimi nasema ndani. Theluji ya mvuamvua, ile ya karibu na sifuri, inateremka kwenye mkono wa koti na kumiminika moja kwa moja kwenye glavu iliyokaa juu. Koti lenye kifundo cha ndani cha kunyumbuka chenye tundu la dole gumba linamaliza ubishi: kifundo ndani ya glavu, glavu chini ya koti.

#13 · Mtelezaji
Kwa hiyo anayechimba juu, anayetembea ndani. Mtoto wa miaka 4 anafanya vyote ndani ya dakika mbili. 😂

#14 · MzigoMwepesi
Shukrani wote. Jinzi zimetoka, glavu za kifuko zimeingia. Maswali: suruali ya kiunoni au ile ya mikanda ya mabegani? Na namba za kuzuia maji kwenye lebo, ngapi inatosha?

#15 · LeboSafi
Namba kwanza. Milimita 10,000 maana yake kitambaa kilivumilia safu ya maji yenye urefu wa mita 10 kabla hakijavuja. Kwa koti la mtoto 5,000 inaweza kutosha kwenye theluji kavu. Suruali usishuke chini ya 10,000, kwa sababu anakaa na kupiga magoti, na uzito wake unasukuma maji kwenye kitambaa. Angalia pia mishono: geuza suruali ndani nje, ukione kiutepe kinachong'aa kimepita juu ya kila mshono wa makalio na magoti. Kitambaa cha 20,000 chenye mishono isiyozibwa kitavuja kwenye tundu za sindano.

Watu wanaogopa -12 kuliko -1. Kwa nguo ni kinyume. Kwenye -12 theluji ni unga, unaikung'uta inaanguka. Kwenye -1 inayeyuka ukiikalia. Siku ya -1 ndiyo inayohitaji nguo za akiba.

#16 · MamaPacha
Suruali: ya mikanda kwa wote wawili. Ya kiunoni inashuka akiinama na mgongo unabaki wazi. Hasara yake ni chooni. Koti litoke, mikanda ishuke, na mdogo hutangaza haja ikiwa imeshafika mlangoni. Zipo zenye zipu inayozunguka kiunoni nyuma, sehemu ya nyuma inashuka bila kuvua koti. Hakikisha tu zipu inafika ubavuni pande zote mbili, zingine zinaishia katikati na hazisaidii kitu.

#17 · KambiYaWatoto
Kwa wenye kundi kubwa la watoto: ya kipande kimoja, koti na suruali pamoja, ni ya chini ya miaka 4 tu. Theluji haingii popote, ila chooni ni balaa, na ukimvua juu ndani ya jengo ile mikono inaburuzwa kwenye sakafu yenye maji.

Mpangilio wa kuvaa unaookoa muda: choo, nguo za ndani, soksi, suruali, flisi, buti, koti, kola ya shingo, kofia, glavu mwisho mlangoni. Mtu mzima avae nguo zake zote isipokuwa koti kabla hajaanza na watoto. Ukianza na mtoto, anaiva ndani ukihangaika na kamba zako, na jasho la #3 linaanzia hapo hapo.

Begi la siku, mdogo mmoja: glavu jozi 1 ya ziada, soksi jozi 1, nguo ya ndani ya chini 1, kola 1, vyote kwenye mfuko wa zipu usiopitisha maji, mfuko mwingine mtupu wa vilivyolowa. Mtupu msiusahau. Usipokuwepo vilivyolowa hulala juu ya vikavu, na jioni begi zima ni bichi.

#18 · Kipimajoto
Mkuu wa kambi katoa skafu kimyakimya akaweka kola. Aeleze sababu.

#19 · KambiYaWatoto
Skafu inanasa. Kwenye sleji, kwenye lifti ya viti, kwenye ngazi za mchezo. Kola ya flisi ya duara inavaliwa kwa kupitisha kichwani, haina ncha ya kuning'inia. Kamba za kofia ya koti vilevile. Kiwango cha Ulaya EN 14682 kinahusu kamba kwenye nguo za watoto hadi miaka 14, na kwa walio chini ya miaka 7 hakiruhusu kamba ya kukaza kofiani wala shingoni. Nguo ya kurithi ya zamani ikaguliwe kwa hilo, kamba ivutwe itoke.

Na ule uzi mrefu wa kuunganisha glavu mbili kupitia mikono ya koti, nao sitaki. Klipu fupi kwenye kila mkono inatosha.

#20 · BabaTabia
Wazee wametufunga glavu kwa uzi na tumekua. Mnatisha watu.

#21 · LeboSafi
@BabaTabia na waliokua ndio wanaoandika hapa, mkuu.

#22 · Mtelezaji
Mkubwa wa darasa la skii: helmeti yenye alama EN 1077 au ASTM F2040, viwango vya usalama vya helmeti za theluji. Ya baiskeli ni EN 1078, haifanyiwi jaribio la kitu chenye ncha ambalo EN 1077 inalo. Chini ya helmeti, kofia nyembamba ya kininja tu. Kofia ya sufu yenye kifundo juu inainua helmeti, na inakaa kisogoni badala ya kipajini. Jaribu helmeti na miwani ya skii pamoja kabla ya safari. Kati yake na helmeti pakibaki uwazi, kipaji kitachomwa na baridi na jua kwa pamoja.

Miwani si urembo. Theluji safi inarudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya UV, na kila mita 1,000 unazopanda inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Mawingu membamba hayazuii. Kiwango cha giza la kioo cha miwani kiwe 3 kwa siku za kawaida. Cha 4 ni kwa milima mirefu yenye barafu na haifai kuendeshea gari. Macho yaliyoungua huanza kuuma saa kadhaa baadaye, mtoto atalala salama na kuamka usiku akilia. Krimu ya jua ipakwe pia chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua, mionzi inatoka chini.

#23 · BabaTabia
Na mafuta mazito usoni ya kukinga baridi. Hilo msilisahau.

#24 · Kipimajoto
Hilo lisahaulike. Utafiti wa Finland kwa askari 830 wa mafunzo ulikuta waliojipaka walipata madhara ya baridi kichwani zaidi. Ngozi inahisi joto, mtu anaacha kujifunika. Kwa uso tumia kola ivutwe hadi puani, na ibadilishwe ikilowa kwa pumzi. Sijakataza krimu ya jua.

#25 · BabaTabia
Au waliokuwa na ngozi dhaifu tayari ndio waliojipaka. Hesabu hiyo haisemi kipi kilianza.

#26 · Kipimajoto
Hoja nakupa. Lakini haisemi kwamba yanakinga.

#27 · MzigoMwepesi
Vile vifuko vya joto vya kutikisa, niweke kwenye buti tumalize kesi?

#28 · FundiButi
Hapana. Vile ni unga wa chuma unaotoa joto ukikutana na hewa. Ndani ya buti iliyofungwa hewa ni kidogo, vinafifia, kisha vinabaki kama kokoto vinakula nafasi. Vikipata hewa vinaweza kupita nyuzi 50, na mtoto mwenye vidole vilivyokufa ganzi hasikii akiungua. Mfukoni mwa koti kwa mkubwa, sawa, visiguse ngozi. Kwa wa miaka 4 viache nyumbani.

#29 · BiSufi
Hapo tuko pamoja. Badala yake, kukausha. Usiku toa bitana ya buti na soli ya ndani, kila kimoja peke yake. Ndani ya ganda weka gazeti lililokunjwakunjwa, liwe limegusa ncha, baada ya saa moja au mbili toa hilo bichi weka jingine. Buti zisiwekwe juu ya hita: gundi inaachia soli na mpira unapasuka. Weka sentimita 50 hivi kando yake, mdomo umeelekea pembeni, si juu. Kwa hiyo magazeti mawili matatu yawemo kwenye orodha, na kamba nyembamba ya mita 4 na vibanio.

Merino usiitie kwenye mashine ya kukaushia. Koti la nje usilifue na dawa ya kulainisha nguo. Inaharibu ile ngozi ya juu inayofanya maji yajiviringishe. Maji yakianza kunyonywa badala ya kuteleza, lifuliwe na, kama lebo inaruhusu, lipashwe moto mdogo. Mara nyingi inarudi.

#30 · Nakuja
Nina mtoto mchanga wa miezi 10, nitambeba kwenye mbeleko ya kifuani. Avae sawa na hawa?

#31 · KambiYaWatoto
Huyo hatembei, hatengenezi joto. Tabaka moja zaidi ya wewe unayetembea, lakini mkifungwa pamoja ndani ya koti moja, mwili wako ni tabaka. Miguu inayoning'inia ndiyo hatari: mbeleko inabana mapaja na yeye hasemi. Mtoe kila baada ya dakika 20 hivi, gusa nyayo. Kupima kama ana joto gusa nyuma ya shingo, si mikono. Shingo ikiwa na jasho punguza, ikiwa baridi ingieni ndani. Na hakuna skii wala sleji ukiwa naye kifuani.

#32 · LeboSafi
Mlioenda na gari: koti nene lisivaliwe chini ya mikanda ya kiti cha mtoto. Jaribio: mfunge akiwa na koti, kaza mikanda, mfungue bila kulegeza, vua koti, mfunge tena. Ukiweza kubana mkanda kwa vidole viwili ukapata mkunjo begani, huo ndio ulegevu ambao gari likigonga utajitokeza. Afungwe na flisi, koti liwekwe juu kinyumenyume, mikono ikipita mbele.

Wa ndege: seti moja kamili ya kila mtoto kwenye begi la mkononi, pamoja na glavu. Buti kubwa zivaliwe au zijazwe soksi na kola zikapakiwe. Krimu ya jua inayozidi mililita 100 viwanja vingi vitaizuia mkononi.

#33 · Mtelezaji
Ngozi ikigeuka nyeupe shavuni au masikioni: ingia ndani, kiganja cha joto juu yake, usisugue, usipake theluji. Vidole vigumu visivyohisi kitu, maji ya nyuzi 37 hadi 39 ikiwa tu havitaganda tena njiani, na hospitali.

#34 · Nakuja
Ahsante. Suruali ya mwaka jana ya kaka yake imekuwa fupi sentimita chache tu, inunuliwe nyingine?

#35 · LeboSafi
Geuza mguu ndani nje kwanza. Nyingi zina mkunjo ulioshonwa kwa uzi wa rangi tofauti, nyekundu au njano mara nyingi. Kata uzi huo tu kwa mkasi wa kucha, mguu unarefuka takriban sentimita 5. Fanya kwa mikono ya koti vilevile, usikate wa pembeni unaoshikilia kizuizi cha theluji cha ndani chenye mpira, ule ukikatika theluji inapanda hadi magotini.

#36 · FundiButi
Na kizuizi hicho kikae juu ya buti, si ndani yake. Wengi wanakichomeka.

#37 · BiSufi
Ndani ya buti ndiko kinakolowesha soksi, Fundi. Umeona?

#38 · FundiButi
Naona kinabana pia.